Ubora wa jengo la biashara hulindwa kabla zege halijamwagwa

MFANYABIASHARA anayetaka kuweka fedha katika jengo la maduka huuliza kwanza mambo matatu: kiwanja kiko wapi, fremu zitakuwa ngapi, na kodi itarudisha mtaji baada ya miaka mingapi. Swali la nne, yaani mkandarasi atalindaje ubora wa kazi, mara nyingi huachiwa mafundi. Lakini swali hilo ndilo linaloamua kama yale matatu ya kwanza yana maana yoyote.

Jijini Dar es Salaam jibu lake limelipiwa kwa maisha ya watu. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na watu 36 wakapoteza maisha. Novemba 16, 2024 jengo la biashara la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo, likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani. Watu zaidi ya 20 walikufa, na Rais Samia Suluhu Hassan akamwelekeza Waziri Mkuu kuongoza ukaguzi wa majengo ya eneo hilo.

Aliyepanga fremu katika jengo la namna hiyo hupoteza mzigo, wateja na pengine uhai. Aliyelipa kilemba au kodi ya mwaka mzima kabla jengo halijakamilika hubaki na risiti tu mkononi. Kwa hiyo somo la ubora wa ujenzi haliwahusu wahandisi peke yao. Linamhusu kila anayetoa shilingi yake kwa ajili ya ukuta ambao bado haujasimama.

Siri ya zege

Bidhaa nyingi za sokoni hukaguliwa zikiwa zimekamilika. Mnunuzi wa vitenge hufungua robota, hupima upana na kuvuta uzi. Jengo halikaguliki hivyo. Likishapigwa plasta na rangi, sehemu zinazolibeba huwa zimefichika. Msingi uko chini ya udongo, nondo ziko ndani ya zege, mabomba yako ndani ya kuta, na nyaya za umeme ziko ndani ya mabomba yake.

Hapo ndipo mkandarasi makini anapotofautiana na wengine. Hangoji mwisho wa kazi ndipo atafute kasoro. Kabla ya kuanza huandika mpango wa ukaguzi unaoonyesha sehemu zote ambazo kazi lazima isimame mpaka mtu aliyetajwa aje, apime na kutia saini. Kwa kawaida sehemu hizo ni pale shimo la msingi linapokamilika, kabla ya kumwaga zege la msingi, kabla ya kila nguzo, kabla ya kila slabu, kabla ya kufukia mabomba na kabla ya kupiga plasta. Kanuni ni moja: kisichokaguliwa hakifunikwi.

Faida yake huonekana kwa hesabu ndogo. Ikiwa mkaguzi atagundua kwamba ringi za boriti zimeachiana sentimita 30 badala ya 15 zilizochorwa, mafundi nondo watafanya kazi ya nyongeza kwa saa chache na gharama itaishia hapo. Kasoro hiyo hiyo ikigundulika baada ya zege kukauka, itabidi kutoboa zege ili kuchukua sampuli, kumlipa mhandisi afanye hesabu upya, na pengine kubomoa. Isipogundulika kabisa, gharama yake huja siku jengo likijaa mizigo na watu.

Vifaa vinapopokelewa

Ulinzi wa ubora huanza getini, pale gari la vifaa linapoingia. Mkandarasi mkuu mwenye utaratibu huwa na mtunza stoo anayejua anachopokea, si kuhesabu tu bali kupima pia.

Kwa upande wa nondo, mizani ni shahidi mzuri. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 huwa na uzito wa kilo 10.7 hivi. Ile ya milimita 10 huwa na kilo 7.4, na ya milimita 16 huwa na kilo 19. Tofauti ndogo inaruhusiwa kiwandani. Lakini nondo inayouzwa kama ya milimita 12 na mizani ikasoma kilo 9 imepungukiwa na karibu asilimia 16 ya chuma. Kwa macho haionekani, ila nguzo itaijua. Urefu nao hupimwa, kwa kuwa kuna nondo zinazouzwa kwa bei ya mita 12 zikiwa fupi zaidi. Baada ya mizani, vipande vichache hupelekwa maabara vikavutwe hadi vikatike, ili kuthibitisha nguvu iliyoandikwa kwenye cheti.

Saruji nayo ina masharti yake. Mfuko wa kilo 50 huandikwa daraja la nguvu, ambalo kwa kawaida ni 32.5 au 42.5, na madaraja hayo hayabadilishani ovyo. Aliyehesabiwa zege kwa saruji ya 42.5 akaletewa ya 32.5 kwa sababu ni nafuu, amebadilishiwa jengo bila kuambiwa. Mifuko hupangwa juu ya mbao, mbali na ukuta, isizidi kumi kwenda juu, na iliyoingia kwanza hutumika kwanza. Saruji iliyokaa miezi mitatu katika stoo yenye unyevu huwa imepoteza sehemu ya nguvu zake hata kama mfuko haujafunguliwa.

Mchanga hupimwa kwa chupa ya kioo. Hutiwa maji yenye chumvi kidogo, hutikiswa, kisha huachwa utulie kwa saa chache. Tope hujitenga na kukaa juu ya mchanga. Likizidi takriban asilimia 8 ya kimo cha mchanga, mzigo huo hurudishwa au huoshwa. Mchanga wa baharini haufai kabisa kwa zege lenye nondo, kwa kuwa chumvi yake hula chuma polepole kikiwa ndani.

Maji, adui anayependwa

Mafundi wengi hupenda zege laini kwa sababu humwagika kwa urahisi na kazi huisha mapema. Njia rahisi ya kulilainisha ni kuongeza ndoo ya maji, na ndoo hiyo huharibu majengo.

Mchanganyiko mzuri huhitaji takriban lita 25 za maji kwa mfuko mmoja wa saruji, pamoja na maji yaliyomo tayari ndani ya mchanga. Yakifika lita 35, nguvu ya zege huweza kupungua kwa theluthi moja au zaidi, ingawa saruji, mchanga na kokoto ni vile vile. Maji ya ziada yakishakauka huacha vitundu vidogo visivyohesabika.

Kwa sababu hiyo mkandarasi makini hupima ulaini wa zege kabla ya kulimwaga. Hutumia koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300. Zege hujazwa humo kwa tabaka na kushindiliwa, koni huinuliwa, na zege hupimwa limeshuka kiasi gani. Likishuka kupita kiwango alichoweka mhandisi, mzigo huo hukataliwa, hata kama limeletwa na gari la kiwandani.

Hewa nayo ni mwizi. Zege lisiposhindiliwa vizuri kwa mashine, hewa hubaki ndani. Asilimia 5 tu ya hewa huweza kupunguza nguvu kwa karibu asilimia 30. Ndiyo maana kwenye miradi iliyopangwa vizuri huwapo mashine mbili za kushindilia, moja ikifanya kazi na nyingine ikisubiri, kwa kuwa zege halingoji mashine itengenezwe.

Vipande vya ushahidi

Kila siku ya kumwaga zege, vipande vya mchemraba vyenye milimita 150 kila upande hutengenezwa kutokana na zege lile lile. Huandikwa tarehe na sehemu ya jengo, huwekwa kwenye maji, kisha hupelekwa maabara kuvunjwa. Baadhi huvunjwa baada ya siku 7 na vingine baada ya siku 28.

Zege la daraja la 25 linatakiwa kubeba nyutoni 25 kwa kila milimita moja ya mraba ifikapo siku ya 28. Siku ya 7 linatakiwa liwe limefika theluthi mbili hivi ya kiwango hicho. Kipimo cha siku ya 7 ni kama taarifa ya soko ya katikati ya mwezi: hakifungi hesabu, lakini hutoa onyo mapema. Zege likiwa dhaifu siku hiyo, mkandarasi husimamisha ghorofa inayofuata kabla hajaongeza mzigo juu ya tatizo.

Mwekezaji aangalie jambo moja hapa. Matokeo ya vipimo yafike kwa mhandisi msimamizi moja kwa moja kutoka maabara, yasipitie mkononi mwa aliyepimwa. Aidha, matokeo yanayofanana kila wiki bila tofauti yoyote yanatia shaka, kwa sababu zege halisi halina tabia hiyo.

Baada ya kumwagwa, zege hunyweshwa maji kwa siku zisizopungua 7. Mbao na miti ya kuegemeza slabu haing'olewi kwa sababu mwenye jengo anataka kuona ukumbi. Kwa kawaida hubaki kati ya siku 14 na 21 kutegemea upana wa slabu na vipimo, na mwenye kauli ni mhandisi. Slabu changa ikibebeshwa uzito wa slabu mpya ya juu yake bila miti ya kutosha chini, huweza kuanguka ingawa zote mbili zimechorwa sawasawa.

Mafundi wa kipande

Katika jengo la biashara mkandarasi mkuu hafanyi kila kazi mwenyewe. Umeme una mkandarasi wake, mabomba yana wake, na lifti, madirisha na paa vivyo hivyo. Chini yao wako mafundi wanaolipwa kwa kipande, yaani kwa mita ya ukuta au kwa slabu nzima. Malipo ya kipande huleta kasi, lakini humfundisha fundi kwamba aliyemaliza haraka ndiye aliyefaidi.

Wakandarasi wazoefu hutumia njia mbili kurekebisha hali hiyo. Kwanza, hujenga fremu moja ya mfano kuanzia sakafu hadi dari, ikiwa na vigae, plasta, swichi na mlango. Mwenye jengo na msanifu wakiikubali, hiyo huwa kipimo cha fremu zote zinazofuata, na ubishi wa kwamba kazi ni nzuri au mbaya huisha kwa kwenda kuitazama. Pili, fundi halipwi kipande chake mpaka karatasi ya ukaguzi iwe na saini. Kazi ya kurudia haimpatii malipo mapya. Ndani ya wiki mbili kasi ya fundi na ubora wa kazi huanza kuelekea upande mmoja.

Kasoro zikipatikana huandikwa kwenye daftari: imeonekana wapi, lini, nani anairekebisha na nani ameikagua tena. Mkandarasi ambaye daftari lake halina kasoro hata moja kwa miezi sita hajajenga bila kosa. Hakuna aliyekuwa akitazama.

Hesabu ya akiba ya uongo

Chukulia mfanyabiashara anajenga jengo la shilingi milioni 600 lenye fremu 12. Slabu moja ya mita za mraba 200 yenye unene wa sentimita 15 inahitaji meta za ujazo 30 za zege. Kwa mifuko 7 kwa kila meta ya ujazo, slabu hiyo inameza mifuko 210.

Sasa chukulia msimamizi asiye mwaminifu anatoa mfuko mmoja katika kila saba. Atapata mifuko 30. Kwa bei ya mfano ya shilingi 16,000 kwa mfuko, hiyo ni shilingi 480,000. Kwa slabu tatu ni shilingi 1,440,000, ambayo haifiki hata robo ya asilimia moja ya gharama ya jengo.

Upande wa pili wa mizani ni huu. Jengo likifungwa kwa miezi sita ili litathminiwe, na kila fremu ilikuwa ilipe shilingi 500,000 kwa mwezi, kodi inayopotea ni shilingi milioni 36. Hapo gharama za kuimarisha nguzo, madai ya wapangaji na riba ya benki bado hazijahesabiwa. Maisha ya watu hayana safu katika hesabu hiyo.

Jambo la kushangaza ni kwamba mara nyingi anayeanzisha wizi huo bila kujua ni mwenye jengo mwenyewe. Huchagua zabuni ya chini kabisa bila kuuliza ilikuwaje chini, kisha hushangaa mkandarasi anapotafuta faida yake ndani ya saruji. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Zabuni iliyo chini sana kuliko makadirio ya mkadiriaji majenzi si bahati. Ni taarifa kwamba kuna kitu hakitanunuliwa.

Fedha ifuate ushahidi

Mwekezaji mdogo hawezi kukaa kwenye eneo la ujenzi kila siku, wala si lazima ajue kusoma michoro. Silaha yake ni namna anavyolipa. Mkataba mzuri hulipa kwa hatua, na kila hatua huwa na hati ya malipo iliyosainiwa na mtaalamu anayemwakilisha mwenye jengo. Hati hiyo iambatane na karatasi za ukaguzi na matokeo ya maabara ya sehemu inayolipiwa.

Katika kila malipo, sehemu fulani huzuiwa, kwa kawaida kati ya asilimia 5 na 10. Kwa jengo la milioni 600, asilimia 5 ni shilingi milioni 30. Nusu yake hurudishwa jengo linapokabidhiwa, na nusu nyingine baada ya kipindi cha matazamio cha miezi 6 hadi 12, mkandarasi akisharekebisha kasoro zilizojitokeza. Mwenye jengo anayerudisha fedha yote siku ya kukabidhiwa funguo amejinyang'anya sauti.

Siku ya makabidhiano pia ina vipimo vyake. Vyoo na paa la zege hujazwa maji na kuachwa saa 24 kuona kama yanavuja. Mabomba hupimwa kwa mgandamizo. Nyaya hupimwa kama hazivujishi umeme na kama zimeungwa ardhini. Mwenye jengo hupewa michoro ya jengo kama lilivyojengwa, kwani anayetaka kutoboa ukuta miaka kumi baadaye anahitaji kujua nguzo na mabomba yamepita wapi. Bila michoro hiyo, anayechimba kuongeza stoo ya chini au kubomoa ukuta ili kupata fremu mbili anacheza pata potea na jengo zima.

Maswali kabla ya kutoa fedha

Nchini Tanzania, Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya mwaka 1997 iliunda Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Makandarasi wa majengo hupangwa katika madaraja saba, na kila daraja lina kiwango chake cha thamani ya kazi. Wahandisi wana bodi yao, na wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi wana yao. Mradi husajiliwa, na kibao chenye majina ya wahusika huwekwa kwenye eneo la kazi. Hivyo basi mwekezaji, au mpangaji anayeombwa kilemba cha fremu ambayo haijakamilika, anaweza kuuliza yafuatayo bila aibu:

1. Mkandarasi amesajiliwa daraja la ngapi, na je, ukubwa wa jengo hili unaruhusiwa katika daraja hilo?

2. Kibali cha ujenzi kinasema ghorofa ngapi, na zinazojengwa ni ngapi?

3. Mhandisi msimamizi ni nani, analipwa na nani, na mara ya mwisho alifika lini?

4. Matokeo ya zege ya siku ya 28 kwa nguzo za chini yako wapi?

5. Ni mara ngapi kazi imewahi kusimamishwa ili kurekebisha kasoro?

Swali la tano ndilo lenye thamani kubwa zaidi. Mwenye jengo anayejibu, "Haijasimama hata siku moja, ndugu yangu, tunakwenda kwa kasi," hudhani ametoa sifa. Anayejibu, "Slabu ya pili ilikataliwa, Mzee, tukafungua nondo tukafunga upya," anaweza kuonekana mwenye matatizo. Kwa mwenye mtaji, jibu hilo la pili ndilo la kuwekea fedha, kwa kuwa linaonyesha kwamba katika jengo hilo yupo mtu mwenye uwezo wa kusema zege halimwagwi leo, na akasikilizwa.